Kikanyagio cha Kushoto

Kabla hujanicheka, jua kwamba mimi si mtu wa kuamini upesi. Fundi wa pikipiki akiamini kila anachoambiwa atalala njaa. Mteja anakuambia, "Sijaiangusha hata siku moja," na huku usukani umepinda. Anasema oili alibadilisha juzi, unafungua unakuta lami. Kwa hivyo haya ninayokueleza hayakuniingia hata mimi kwa urahisi. Lakini yalinipata, kumeshakucha, nikiwa na akili zangu zote na sijaonja hata tone. Ukitaka kuapisha mtu, niapishe mimi.

Miaka ile ya sabini mwanzoni nilikuwa na kibanda cha ufundi nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner. Kazi nilijifunzia Ngara, kwa Kalasinga mmoja mzee ambaye alinifundisha jambo moja kuliko yote: usimsikilize mwenye pikipiki, soma chuma. Tairi lililolika upande mmoja, nati iliyofunguliwa kwa spana isiyoifaa, kila kitu kina habari yake. Neno hilo nililishika kupita kiasi, utaona.

Dada yangu Rhoda, anayenifuata kwa kuzaliwa, alikuwa ameolewa na Wafula, tarishi wa ofisi moja mjini. Waliishi Kawangware na mtoto wao, Ayubu. Wafula alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na mimi sikumpenda. Unajua kwa nini? Ule upole. Nilijiambia mtu asiyegombana na mkewe lazima ana kitu anaficha.

Basi akanunua pikipiki kuukuu ya Kijerumani kwenye mnada. Haikuwa na cheni. Nguvu ilipita kwenye chuma kirefu kinachozunguka ndani ya bomba mpaka kwenye gia ya gurudumu la nyuma, ndiyo tunaita shafti. Rhoda aliipanda mara moja tu, siku ilipoletwa. Akashuka akasema hapandi tena mpaka Yesu arudi.

Haukupita mwezi, Wafula akaja kibandani. "Shemeji, inalia huku nyuma. Asubuhi tu, nikienda kazini. Nikiachia mafuta kupunguza mwendo pale Adams Arcade, inafanya kr-kr-kr."

Nikaifungua. Nikamwaga oili ya gia ya nyuma, nikapitisha sumaku, hakuna hata punje ya chuma. Nikalishika gurudumu juu na chini nikalitikisa, beringi nzima. Meno ya gia mazuri. Nikajaza oili mpya, nikafunga, nikaiendesha mwenyewe mpaka Adams Arcade na kurudi. Kimya kabisa. Nikamrudishia. Kesho yake huyo, amerudi: "Bado inalia, shemeji."

Jirani yangu pale alikuwa Musyoka, fundi wa baiskeli, Mkamba mwenye mwili na mdomo. Akasema, "Labda inakuogopa. Ikikuona inanyamaza." Nikamwambia aache maneno, apande nyuma tuone. Tulipofika mbele kidogo nikaachia mafuta, na chini yetu ikalia: kr-kr-kr.

Hapo nikajua. Kile kiungo cha shafti, pale inapojikunja, kilikuwa kimelika. Akipanda mtu mmoja, shafti inakaa vizuri, haina neno. Mzigo ukikaa nyuma, springi zinalala, shafti inajikunja zaidi, ndipo inalia. Uko nami? Pikipiki ile ililia ikibeba watu wawili tu. Sasa Wafula, aliyesema anaenda kazini peke yake kila asubuhi, alikuwa akimbeba nani?

Nikainama nikaisoma upya. Springi ya kushoto imelala kuliko ya kulia. Kiti cha nyuma kimelika ukingo wa kushoto. Na kile kikanyagio cha nyuma, cha kushoto, mpira umekwisha na chuma kinang'aa kama kijiko, wakati cha kulia kina kutu. Siku zile ndivyo wanawake walivyopanda, na marinda yao, miguu yote upande mmoja.

Utasema alama zingeweza kuwa za mwenyewe wa kwanza. Nami niliwaza hivyo. Kwa hivyo vikanyagio vyote viwili nikavipaka rangi nyeusi, nikampa Wafula pikipiki, nikamwambia natafuta kipuri. Kipuri nilikuwa nacho. Niliuacha ule mlio makusudi, uwe mtego. Baada ya juma moja akaipitisha kibandani. Cha kulia kilikuwa cheusi vilevile. Cha kushoto kilikuwa kinang'aa.

Musyoka alipokiona aliacha kucheka. "Ni mwanamke," akasema. "Lakini wewe nyamaza. Ya nyumba ya mtu ni ya nyumba ya mtu."

Ningemsikiza. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa kanisa letu aliyeuza mboga Ngara, naye akanitajia, bila kuulizwa, kwamba humwona shemeji yangu kila asubuhi akisimama mbele ya nyumba fulani ya ghorofa, halafu anageuza kurudi mjini. Ofisi yake ilikuwa katikati ya mji. Ngara alifuata nini? Nikamuuliza kama ameona mwanamke. "Mtu sijaona," akasema. "Ila anasimama kama anayeshusha mtu." Lile la kwanza sikulisikia. La pili ndilo nililobeba.

Jumamosi nikamwambia Wafula ailete niitazame tena, nikakifungua kile kikanyagio; Jumapili nikakizungushia gazeti, nikaenda nacho Kawangware. Nikakiweka mezani kando ya chai, mbele ya wote wawili. Nikaeleza springi, nikaeleza rangi, nikaeleza Ngara. Nakuambia ukweli, nilijisikia mtu wa maana sana.

Rhoda alimtazama mumewe. "Baba Ayubu, sema kitu."

"Mimi sina mwanamke," Wafula akasema.

"Basi ni nani amekanyaga hapa?"

Akakitazama kile chuma kwa muda mrefu. Akafungua mdomo, akaufunga. Hakusema lolote zaidi, na mimi kimya kile nikakiita ushahidi, tena kwa sauti. Nikamwambia dada yangu, "Unaona? Hana la kujibu. Usimsikilize mwenyewe, soma chuma."

Juma hilohilo Rhoda alirudi kwetu Maragoli na mtoto. Kikanyagio aliondoka nacho, ndani ya gazeti lake.

Wafula akaniletea pikipiki, akaniambia tu, "Itengeneze, shemeji." Hana hasira, hana tusi. Ningepigwa ngumi ningetulia. Upole ule ukanichoma, nikaamua lazima nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu nimalize wasiwasi. Nikawaza hivi: nikipita na pikipiki ileile, saa ileile, nimevaa koti la mvua na kofia kama za Wafula, atajileta mwenyewe.

Na kweli akajileta.

Ilikuwa Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ile ya ukungu na manyunyu. Pale Dagoretti Corner nikapunguza mwendo kupisha mkokoteni wa maziwa. Nyuma ikalala. Haikushtuka, ililala taratibu, kushoto kwanza, vile anavyopanda mtu mwenye adabu zake. Nikadhani ni pancha. Nikasikiliza tairi, zima. Nikaendelea. Nilipokaribia Adams Arcade nikaachia mafuta.

Kr-kr-kr.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilisimama kando ya barabara nikageuka. Hapakuwa na mtu. Springi zilikuwa zimelala. Kiti cha nyuma kilikuwa kimelowa manyunyu kote, isipokuwa sehemu moja upande wa kushoto, kavu, upana wa mtu aliyekaa. Nikaweka mkono pale. Nisamehe, fundi hawezi kuona kitu asikiguse. Palikuwa na joto.

Kisha nikasikia sauti ya mwanamke, karibu kabisa na bega langu. Haikuwa ya kutisha, niamini. Ilikuwa sauti ya mtu anayechelewa kazini.

"Kikanyagio changu umekipeleka wapi? Miguu inaning'inia."

Nikageuza shingo tena. Kiti kitupu.

"Yule mwingine hageuki," akasema. "Ananifikisha Ngara tu."

Nimfanye nini? Nimwambie ashuke? Sikuona la kufanya ila kuendesha. Tukakata mji mzima, katikati ya watu wanaokwenda kazini, na kila nikiachia mafuta inalia, na hakuna aliyetutazama mara mbili. Ngara, mbele ya nyumba ya ghorofa, mkono ulivuta breki kabla sijaamua. Springi zikainuka. Nikageuza kurudi mjini nikiachia mafuta kila baada ya hatua chache, kama mwendawazimu. Kimya.

Nilimkuta Wafula mlangoni mwa ofisi yao na bahasha mkononi. Alinitazama uso mara moja tu. "Umembeba," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu juma la pili. Nisipomfikisha Ngara inakuwa nzito siku nzima, siwezi kazi."

"Mbona hukusema siku ile mezani?"

"Ningesema nini, shemeji? Mtu anaulizwa habari za mwanamke mbele ya mkewe, ajibu ni mzimu? Wewe ungeniamini?"

Wote wawili tulijua jibu.

"Nilikuletea uifungue," akasema, "nikiomba uniambie ni chuma tu. Ningefurahi sana kama kingekuwa chuma."

Aibu niliyoisikia pale sijaisikia tena maishani. Ni nani mwenye siri anayeipeleka kwa shemeji yake aifungue kwa spana? Swali hilo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza, na mimi nimeinama nasoma rangi.

Kiungo cha shafti nikakibadilisha siku hiyohiyo, kwa kipuri kile nilichokuwa nimekificha. Nikafunga na kikanyagio kipya. Nikamshauri Wafula aiuze ile pikipiki, akaniuliza, "Niwauzie wengine waachane?" Akabaki nayo. Haikulia tena. Kama alibeba mtu au hakubeba, hakuna aliyeweza kujua kwa masikio, na mimi sikuwahi kuuliza.

Desemba nikaenda Maragoli. Nikamwambia Rhoda nimekosa, mumewe hana mwanamke, arudi nyumbani kwake. Akauliza, "Na yule wa Ngara?" Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe, mpaka ile sehemu kavu ya kiti. Alisikiliza hadi mwisho, akaniongezea chai. Kisha akaingia chumbani, akarudi na lile gazeti, akalifungua mezani.

"Mlikaa siku ngapi kuitunga hii, wewe na yeye?"

"Rhoda, ni kweli tupu."

"Kaka, wewe ndiye ulinifundisha. Ulisema nisimsikilize mwenyewe, nisome chuma. Chuma hiki hapa." Akakisukuma kuelekea kwangu. "Mzimu unavaa viatu?"

Nikamwomba angalau anipe kile kikanyagio nikirudishe mahali pake. Akakizungushia gazeti tena. "Hapana. Hiki ndicho kilinitoa kwangu. Kitakaa nami."

Hakurudi. Wafula alimwandikia barua miaka mingi, na hakuoa mwingine. Alipostaafu alikwenda kwao Bungoma na pikipiki yake. Rhoda sasa ana mvi, na kile chuma kiko kabatini mwake chini ya vitambaa vya meza. Mimi sipandi pikipiki asubuhi za Julai. Nilijaribu mara moja, pikipiki ya mtu mwingine kabisa, na pale Dagoretti Corner nyuma ikalala, nikaulizwa lile swali.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, pikipiki yako ikilia nyuma, mwaga oili, tikisa gurudumu, pandisha mtu usikie. Chuma kitakuambia kuna mtu aliyekaa. Ni nani, hakijui. Na kabla hujakifunga kwa gazeti ukakipeleka kwenye nyumba ya watu, mwite mwenyewe kando umuulize, na akinyamaza, mwache anyamaze mpaka apate maneno yake. Mimi nilimjazia maneno yangu, na dada yangu hajalala tena kwake.