Lundo la Nyasi za Noeli

Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa kule Ngenge, nyumba zilipangwa mstari mmoja, ukikohoa jirani anasikia. Lakini Benigna, mjane wa watu, hakuwahi kuwa mpweke namna ile. Wiki moja kabla ya Noeli ya 1975 alikata nyasi za kutandika sebuleni, akazirundika ukutani mpaka zikafika dirishani. Wanawe watatu wa Bukoba walikuwa wameandika kwamba wanakuja, na Mhaya hamketishi mgeni kwenye udongo mtupu.

Jirani yake Jovita alipoliona lundo lile alisema, “Mama, nipunguzie kidogo nifunike miche yangu ya nyanya.”

“Thubutu!” Benigna akafoka. “Hizo zina wenyewe.”

Noeli ikafika. Akatandika lundo lote, nyumba nzima ikanukia, kisha akaketi karibu na mlango, macho barabarani. Basi la kutoka Bukoba lilipita bila kusimama.

Jioni aliinuka kuwasha moto, akageuka kutazama. Nyasi zote zilikuwa zimetuna vilevile, isipokuwa mahali pamoja tu, alipokuwa amekaa yeye.