Kanga Ileile Sokoni

Jumamosi moja nilikuwa nachagua karoti sokoni hapa Morogoro, wakapita wanawake wawili wameshika kanga pembe nne, vile tunavyochangishana rambirambi. Muuza mchele akavua kofia, mkono ukazama mfukoni.

"Poleni sana jamani. Nani katutoka?"

"Hajafa mtu, kaka," akajibu mmoja wao, mama anayeshusha kabichi kutoka milimani. "Tunachangia soba hausi, vijana wetu wanaotumia unga wapate matibabu. Na wangu yumo."

Mkono ukatoka mtupu. Kofia ikarudi kichwani.

"Ah! Mimi nilijua msiba. Hao si wamejitakia wenyewe?"

"Haya, kaka. Basi tusubiri," alisema yule mama, taratibu, wakaenda zao na kanga yao nyepesi.

Mwezi haukuisha, kanga ileile ikapita tena. Safari hii pembe za yule mama zilishikwa na mtu mwingine. Mwenyewe alikuwa nyumbani, amekaa mkekani, mwanawe amelazwa chumba cha ndani. Muuza mchele alivua kofia, akatumbukiza noti, kisha akawapigia kelele wenzake wa meza za jirani waje nao watoe. Wakaja wote.

Huruma ya mji huu siitilii shaka hata kidogo. Ila lazima kwanza ione jeneza.

Nilikuwepo msibani kanga ilipofikishwa, imefungwa fundo. Yule mama aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito.

"Kumbe mlikuwa nazo," akasema.