Robi wa Kazi Mbili

Masika yale Hyasinta alipokosa kiti chake kwenye meza ya fundi Renatus, alikuwa mkali hata dagaa walimwogopa. Hayo ni maneno ya Tereza, na Tereza ni rafiki yake, hakusema kwa ubaya.

Ungekitazama kiti chenyewe, ungemshangaa. Chuma kilichobanduka rangi, mguu mmoja umefungwa waya. Kilikaa kwenye kivuli cha karakana ya Renatus, Musoma mjini, na kila Jumapili, misa ikishaisha na vyombo vikishaoshwa, Hyasinta alikikalia mpaka jua lilegee. Siku nyingine zote alikuwa mtu wa kutumwa. Asubuhi yuko ufukweni Mwigobero kupokea dagaa, mchana yuko njiani kwenda Bunda, kesho yake Butiama. Nyumbani kuna watoto, mawifi, na wageni wa kutoka Mugango wanaokuja kusalimia wakakaa mpaka mavuno. Kila aliyemwita alitaka kitu. Ni kwenye kiti kile tu alikoitwa ili aulizwe: "Unafanyaje?" Na alichojibu ndicho kilichofanyika.

Meza ile ilikuwa ya mchezo ulioachwa na Mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuja kuchimba visima. Alipoondoka alimwachia Renatus spana zake na sanduku la dadu za ajabu, nyingine zina nyuso ishirini, pamoja na kitabu. Renatus ni fundi pampu; kitu kikimjia kimefungwa, hakilali hakijafunguliwa. Alikisoma kitabu, akauweka mchezo kwa Kiswahili, na pale alipoona giza akatunga lake. Yeye ndiye msimulizi: anatandaza nchi yenye milima, majitu na mapango. Kila mchezaji anatengeneza mtu wake wa kubuni, anampa jina na kazi, halafu anasema mtu huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu, dadu inaamua.

Sheria ya meza iliyozishinda zote ilikuwa hii: lililotoka mdomoni limetendeka. Hakuna cha "nilikuwa natania." Na mtu wako akifa, unampisha mwenzako kiti, unasubiri mpaka wa mwingine naye afe.

Askari wa kwanza wa Hyasinta alikufa kwa kuwatukana mamba. Mdomo ni wa mwenyewe, angemlaumu nani? Keraryo, jirani muuza mkaa, akakirithi kiti masika yote, mpaka mtu wake alipotumbukia shimoni akitafuta kivuli. Hyasinta akarudi. Keraryo akahamia kwenye kreti la soda lililopinduliwa, hatua chache kutoka mezani, akawa anawaombea wenzake vifo kwa upole.

"Safari hii sitaki askari," Hyasinta alisema Jumapili aliyorudi. "Nataka mtu wa kupita bila kuonekana. Mnyatiaji. Jina lake Robi. Halafu nataka awe mganga wa majani."

Renatus, aliyezoea kumwita kwa jina la mwanawe, akakuna kidevu. "Chagua moja, Mama Nyangi."

"Kitabu kinakataza?"

"Hakikatazi. Ila ukimgawa, anapanda polepole pande zote mbili. Wenzako watakuwa juu kwenye kazi zao, yeye yuko nusu huku, nusu kule."

Bernado akacheka. Huyu ni shemeji yake Hyasinta, mvuvi wa Mugango, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko ng'ambo. Mtu wake alikuwa askari mwenye mkuki, na kazi ya askari huyo ilikuwa kupiga kelele kwanza, kufikiri baadaye. "Shemeji, mshika mawili moja humponyoka."

"Na mshika moja, likimponyoka anabaki na nini? Wewe mwenyewe unavuaga, unalimaga mihogo, na Jumamosi unanyoaga watu vichwa."

"Hiyo siyo kazi, shemeji. Hiyo ni njaa."

"Basi Robi naye ana njaa. Andika, Fundi."

Akaandika, maana angebisha nini? Mji mzima ulikuwa hivyo. Foleni za sabuni zilikuwa zimekwisha, ruksa ya kila mtu kufanya biashara imeingia, mitumba imejaa hadi kwenye uzio wa kanisa, lakini mshahara ulikuwa haumfikishi mtu popote. Nesi alifuga nguruwe. Mwalimu aliuza barafu. Renatus mwenyewe, pampu zikikosekana, aliziba pancha za baiskeli na kuziita "mradi".

Dadu zikampa Robi nguvu za kifaranga na wepesi wa paka. Tereza, fundi cherehani na sauti ya kwanza kwenye kwaya, akataka kujua amevaa nini. (Mtu wa Tereza alirusha moto kwa mikono, ila alikataa katakata aitwe mchawi. Alimwita "mwenye moto", basi.)

"Kanga iliyofuliwa mpaka imesahau rangi yake," Hyasinta akasema. "Hana bangili. Peku. Na kichwani beseni la dagaa."

"Mnyatiaji na dagaa? Si atanuka, dada?"

"Ndiyo nataka anuke! Enzi zile za kusaka walanguzi mimi sukari nilikuwaga naipitisha wapi? Chini ya dagaa. Askari wa kizuizini akinusa tu anageuza uso: 'Pita mama, pita.' Kujificha kazi yake ni watu wasitamani kukutazama."

Hata Keraryo kwenye kreti aliguna kwa heshima.

Basi safari ikaanza. Renatus akasimulia: jitu la mlimani limeswaga ng'ombe wote wa kijiji. Limewafungia kwenye zizi nyuma ya nyumba, na njia ya kufika zizini ni kupita ndani ya nyumba yenyewe. Wakapanga. Askari wa Bernado na mwenye moto wa Tereza wajifiche kwenye majabali. Robi aingie peke yake, amfikie ng'ombe wa mbele, yule mwenye kengele, aijaze kengele majani isilie, amtoe. Wote pale mezani walikulia mikiani mwa ng'ombe. Walijua wa mbele akitoka, wengine hawaulizi.

"Na wewe shemeji," Hyasinta akamwonya Bernado, "mdomo."

"Nimenyamaza."

"Umenyamaza kwa sauti kubwa. Punguza."

Robi akawapita mbwa. Walinusa dagaa, wakafuata beseni mikia ikicheza. Akapita chini ya dirisha. Akafika mlangoni. Meza yote imeinama, Tereza amesahau kutafuna karanga zake.

"Mlango uko wazi," Renatus akasema kwa sauti ya chini. "Ndani giza. Kuna harufu ya maziwa na moshi. Jitu limekaa, limekupa mgongo. Unafanyaje?"

Hyasinta akavuta pumzi. Tangu ajue kusema, hajawahi kuvuka kizingiti cha mtu kimyakimya. Mama yake angemfinya sikio likatoka. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Hodi!"

Bernado akaanguka mezani kwa kicheko. "Mwizi anabisha hodi! Jamani! Yuko peku, amevua bangili, halafu hodi!"

"Mungu wangu," Tereza akasema.

Nyuma yao kreti likasikika likikwaruza sakafu. Keraryo alikuwa analisogeza taratibu kuelekea mezani.

Hyasinta akahisi waya wa kile kiti ukimchoma paja, na akaushika kama mtu anayeshika mtoto asichukuliwe. Masika mengine ya kuitwa tu! Akamtazama Renatus. Na Renatus alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka, kwa sababu wakati wote walipokuwa wanacheka, yeye naye alikuwa ameshajibu. Ni mtoto wa kijijini Mwitongo, aliyelelewa na bibi. Alisikia hodi. Angejibu nini kingine?

"Fundi," Hyasinta akasema polepole, "umesemaje?"

"Sikuwa nimesema kama jitu."

"Sikuuliza umesema kama nani. Umesemaje?"

"...Karibu."

"Lililotoka mdomoni?"

"Limetendeka," Tereza akadakia, na karanga zikamwagika.

Hapo Hyasinta akakaa vizuri. "Robi anaingia. Anatua beseni. Anasema, 'Shikamoo mzee. Mimi napita tu na dagaa, ila nimeona umenyoosha huo mguu. Unauma?' Fundi, jitu limeniambia karibu, limenipokea. Linaweza kumdhuru mgeni liliyemkaribisha?"

Renatus akafikiri, akamfikiria bibi yake. "Haliwezi," akakiri. "Na mguu kweli unauma."

Ndipo ile nusu ya mganga ikafanya kazi. Robi akaponda majani, akafunga mguu, akalinywesha jitu dawa ya usingizi, dadu ikakubali. Jitu likakoroma. Ikabaki kengele, kazi ya nusu ile nyingine, na hapo Renatus alisema wazi: mnyatiaji kamili angehitaji kumi, huyu wa nusu anahitaji kumi na tano.

Hyasinta akarusha. Dadu ikagonga kikombe, ikaruka mezani, ikabingirika mpaka chini ya kreti. Na dadu ya chini husomwa hapo hapo ilipolala, na aliye karibu.

Keraryo akapiga magoti. Akatazama. Akaendelea kutazama.

"Keraryo," Hyasinta akasema, "umepokea komunyo leo asubuhi."

"Najua, mama. Ndiyo shida." Akashusha pumzi. "Kumi na saba."

Kengele ikajazwa majani. Ng'ombe wa mbele akatoka, wengine nyuma yake, mmoja mmoja, kimya, wakipita kando ya jitu linalokoroma. Renatus aliwasimulia vizuri, pembe zao, mafuta ya nundu zao, mpaka Bernado akashindwa kujizuia. Mwanaume wa Mara aone ng'ombe wamerudi, anyamaze? Akasimama, akainua mkuki usiokuwepo, akapiga ukelele wa ushindi uliosikika hadi ziwani.

Jitu likaamka.

Halikumgusa Robi, Robi alikuwa mgeni. Lilitoka nje, likamwona mtu mwenye mkuki kwenye jabali, ambaye hakubisha hodi kwa yeyote.

Bernado alipotulia, wote walikuwa wanamtazama. Hyasinta akajisogeza kidogo apate nafasi ya kunyoosha miguu. Keraryo alikuwa ameshasimama, anapangusa suruali magotini.

"Shemeji," Hyasinta akasema, akimwonyesha lile kreti la soda, "karibu."