Chungu Kilichokosa Maji Moto

Mama mkwe wangu, Ajiko, amekuwa akiuza ajono hapa karibu na Amagoro tangu kabla sijaolewa. Ajono ni pombe ya wimbi. Wazee huzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mama huongeza maji moto. Bila maji yake hakuna pombe. Ni mwanamke wa maneno machache na makali, lakini tangu Juni mwaka jana anaishi kwa hofu.

Juni hiyo mafua yalizunguka chungu. Okiria alikohoa, Osukuku akakohoa, Emong akakohoa, kisha tukamzika Emong. Mrija wake bado uko ukutani. Mama hupita hapo akiangalia chini.

"Ni kwa chungu yangu alipatia," aliniambia siku moja.

Mwaka huu muuguzi alipotangaza kanisani kwamba zahanati ina chanjo ya mafua kwa waliopita miaka sitini, mama aliwasihi wazee waende. Wakakataa. Walikuwa wamesikia kwamba ukichomwa hunywi wiki mbili, na kwa wale wiki mbili ni kifungo. Nilimuuliza muuguzi, akacheka, akasema hakuna kitu kama hicho. Nikawapelekea jibu. Wakasema huyo hata ladha ya ajono haijui.

Jumatatu mama akaepua sufuria.

"Maji hakuna mpaka mchomwe."

Okiria akamtazama. "Na wewe mama, umechomwa?"

Hakuwa amechomwa. Nyani haoni kundule. Mimi nilijua sababu: anaogopa sindano kuliko nyoka. Alijifunga leso, akashika njia ya zahanati. Nikamfuata.

Akachomwa, na mchana ule mwili wake ukapata joto na mkono ukauma. Muuguzi alikuwa ametuambia hayo huweza kutokea na huisha. Lakini Osukuku alipita akamwona amejifunika blanketi juani, na kabla jua halijatua, sokoni walikuwa wakisema Ajiko ameangushwa na sindano.

Mama akanishika mkono. "Brigid, kesho nisipoamka mapema, hao wazee hawaendi tena."

Hakuogopa kufa. Aliogopa kuchelewa kuwasha moto. Nami nikaogopa naye, maana bado alikuwa na joto.

Alfajiri nilisikia kuni zikivunjwa. Alikuwa jikoni, anachochea moto kwa mkono mmoja, ule mwingine ameubana kifuani. Moshi ulipopanda tu, Okiria na Osukuku wakatokea njiani wamevaa makoti ya kanisani.

"Makoti ya nini asubuhi yote hii?" mama akauliza.

Okiria akavua kofia. Alikuwa hajalala, macho yalionyesha.

"Tulikuwa tunakuja matanga, mama. Sasa kwa vile uko, wacha tupitie zahanati."

Mama aliwatazama mpaka wakapinda kona. Kisha akakaa kwenye kigoda, akalia. Alipomaliza akaniomba nimtekee maji, akaweka sufuria motoni.