Sauti Yangu Kinywani mwa Mama Furaha

Nilijiona mtu wa utaratibu. Wiki iliyopita, katika studio yetu ndogo ya kurekodi mtaani Mbugangari, niliamua kupanga mafaili ya nyimbo za kwaya kwenye kompyuta. Yalikuwa yametapakaa ovyo, kila moja likiitwa "mwisho" au "mwisho kabisa". Nikayapa majina mapya, nikafuta niliyoyaona yamejirudia. Nilijipongeza hadi nikajinunulia Fanta.

Jumapili kwaya ilikuwa inazindua wimbo kanisani. Muda mfupi kabla ya ibada, Mama Furaha, mwimbaji mkuu, alinijia akikohoa.

"Eliya, sauti imekwisha. We utaacha rekodi iimbe, mi nitafungula kinywa tu. Bon, mutu asijue."

Nikaitikia. Ila tangu niyapange mafaili yale sikuwa nimesikiliza hata moja. Ningemwambia nini, na kwaya imeshasimama mbele?

Nikakaa nyuma kwenye mashine, nikabonyeza faili la wimbo. Ala ziliingia vizuri. Mama Furaha akafumba macho, akainua mkono, akafungua kinywa. Ikatoka sauti ya mwanamume, nyembamba, inayotetemeka kama ya mwanambuzi.

Ilikuwa yangu. Niliirekodi siku ya kwanza ya mazoezi ya wimbo huo ili kuwaonyesha wapiga ala mahali pa kuingia. Hiyo ndiyo niliyoitunza. Ya Mama Furaha ndiyo niliyoifuta.

Nikapapasa kitufe cha kuzima, nisikione. Mama Furaha akafunga kinywa, akanikazia macho. Waumini wakageuka nyuma, safu kwa safu, na sauti yangu, sasa ikiwa peke yake, ikaanza ubeti wa pili.