Chupa Iliyonipita

Nilifumba macho kwa pumzi mbili tu, na katika pumzi hizo mbili kifo kikapita mbele ya pua yangu.

Mimi ni mjane, kazi yangu kukagua chupa kiwandani. Chupa za soda zikirudi kutoka madukani zinaoshwa, halafu zinapita kwenye taa nyeupe. Hapo nakaa mimi, nimetumbua macho. Chafu naitoa, safi inakwenda kujazwa.

Asubuhi hiyo binti yangu alikuwa kwenye mtihani. Nikafumba macho nimwombee.

Nasema amina, nafumbua, naona msumari umelala kwenye kitako cha chupa. Nikanyoosha mkono.

Imeshapita.

Nikibonyeza kitufe chekundu mashine zote zinasimama, na wataniuliza nilikuwa wapi. Nikinyamaza, mtoto wa mtu atameza.

Nikabonyeza.

Kiwanda kikawa kimya mpaka nikasikia moyo wangu. Msimamizi akaja mbio.

"Mama, unazima mtambo? Unajua nchi nzima inakunywa hapa? Wale jamaa wa chupa za plastiki wanaomba tuchelewe siku moja tu, wajaze rafu zetu."

"Kuna chupa imenipita, baba."

"Imekupitaje na macho unayo?"

"Nilikuwa naomba."

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi kaendelee kuomba nyumbani."

Nikawaza nyumbani. Nikawaona wanangu watatu wamekaa mkekani, wananisubiri niseme kitu.

Mara akatokea dada wa maabara, anacheka.

"Mwache mama wa watu. Chupa hiyo ni yetu ya majaribio, tumeipitisha makusudi tuone nani anasinzia. Hii hapa, nimeshaitoa."

Msimamizi akashusha pumzi. Mkono wake tayari uko kwenye swichi.

Ningeweza kushukuru nikakaa zangu. Lakini niliitazama ile chupa. Ndani mlikuwa na mrija.

"Dada," nikasema, "mimi niliona msumari."

Kicheko kikamkauka.

Walipekua kreti moja baada ya nyingine. Kreti ya kumi na tisa, ulikuwemo, chini ya soda ya machungwa, kizibo kimeshafungwa.

Kazi nilibakishiwa, na barua ya onyo juu yake.

Ndugu yangu unayesoma, ukiona hatari usiseme "nimeona kitu". Taja kitu chenyewe. Ningesema "uchafu", tungewasha mashine huku tunacheka, na chupa ile ingefunguliwa mezani kwa mtu.

Labda kwako.