Kanuni Saba za Meza ya Shangazi

Cherehani ya shangazi yangu ina meza ya kukunja. Ukikizamisha kichwa cha mashine na kukifunika kwa ubao wake, unapata meza ya watu watano, mradi wawili wakubali kukanyagana miguu kwenye pedali. Hapo ndipo tulipokuwa tunacheza kila Jumapili mchana, vipande vya nguo vikiwa vimefagiliwa pembeni na mlango ukiwa wazi.

Shangazi ni dada wa baba, naye ndiye aliyenichukua nilipoacha shule darasa la nne. Siku za kazi husikii maneno yake mengi kwa sababu mdomo umejaa pini. Anakuelekeza kwa nyusi: inua mkono, geuka, acha kuvuta tumbo ndani, unajidanganya mwenyewe. Jumapili alikuwa anazitoa pini zote, anazichoma kwenye kifuko cha pamba, halafu anasema, "Haya. Mko mlangoni. Mlango umelowa na hakuna mvua. Mnafanya nini?"

Ndivyo Mchezo ulivyo. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni aliyemwandika kwenye karatasi: jina, kazi, udhaifu. Msimulizi anakwambia uko wapi, wewe unasema mtu wako anafanya nini. Jambo likiwa na wasiwasi, unatia mkono kwenye kopo la vifungo bila kuchungulia. Ukitoa cheupe, umefaulu. Cheusi, imekula kwako. Chekundu kimo kimoja tu, nacho kikitoka linatokea jambo ambalo hata msimulizi hakulipanga.

Mchezo uliingia nyumbani ndani ya furushi la mashuka machafu. Marehemu mume wa shangazi alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, na sote tulimwita hivyo hivyo, Dobi. Siku moja akakuta kitabu kimeviringishwa ndani ya shuka, mgeni ameshaondoka. Kitabu hakikuwa na jalada wala kurasa za mwisho, kwa hiyo hata jina lake hatukulijua. Kilikuwa kwa lugha ya kigeni ambayo Dobi aliijua kidogo na shangazi hakuijua kabisa. Dobi alikuwa anakisoma huku amesimama karibu na beseni, kisha anakuja kutuambia kanuni moja moja, mikono inachuruzika maji. Mimi nikaziandika nyuma ya karatasi ya kukatia mitindo. Zilifika kumi na moja, shangazi akazibana ukutani kwa pini.

Nyingine zilikuwa za kawaida. Mtu wako habebi zaidi ya vitu vitano. Akijeruhiwa, apumzike siku nzima. Neno la mwisho ni la msimulizi. Nyingine, mh. Huwezi kumpiga mtu usiyemjua jina, kwa hiyo hata jambazi akikurukia, kwanza umuulize anaitwa nani. Chai ikimwagikia ramani, pale pana ziwa, na ziwa halikaushwi. Mchezaji asipokuja, mtu wake haachwi nyuma. Wenzake wanapokezana kumbeba mgongoni amelala. Na kila mtu wa kwenye karatasi ana kiraka chake cha nguo: akifa, kiraka kinashonwa kwenye kitambaa cha meza, wote wakiwa kimya mpaka uzi ukatwe.

Dobi mwenyewe alipofariki, shangazi alichukua kiraka cha mtu wake, bluu ya sare ya kazi, akakishona katikati kabisa. Hapo hakuna anayeweka kikombe.

Sasa Kinyozi. Saluni yake iko upande wa pili wa barabara, milango mitatu kutoka kwetu. Mchezo alijifunzia kwetu, kwenye kiti kile chenye mguu mfupi. Mwezi mmoja ndugu yake akarudi safari na kumletea kitabu chenyewe, kizima, chenye jalada linalong'aa, pamoja na dadu za pande nyingi zinazoonekana kama peremende. Kinyozi akaziweka kwenye chupa ya kioo mbele ya kioo kikubwa, kila anayenyolewa azione. Jumapili iliyofuata akaanzisha meza yake.

Kwanza aliondoka Dada wa Dawa, anayeuza duka la dawa pale kona. Alituma ujumbe kwamba kichwa kinamuuma. Muuza dawa, kichwa kinamuuma! Tukambeba mtu wake mgongoni, kama kanuni inavyosema. Wiki ya pili hakuja Tairi, fundi baiskeli, ambaye hajawahi kukosa tangu enzi za Dobi. Tukabaki mimi na shangazi. Mtu wangu alikuwa amebeba watu wawili mgongoni na mezani hakuna wa kupokezana naye. Watu wawili ni maongezi, si Mchezo.

"Funga," shangazi akasema. "Wakikosa Jumapili ijayo, nakitoa hiki kitambaa mezani, naondoa na hilo likaratasi ukutani. Siwezi kukaa na mwiko wakati chungu kiko kwa jirani."

Wanasema wivu ni kidonda, ukijitia utakonda. Shangazi hakukonda. Alihamisha kiti chake ili ashone akiwa ameipa barabara mgongo, halafu akatundika kioo cha wateja mahali ambapo saluni yote ilionekana ndani yake. Kinyozi akawa "yule mkata nywele". Mteja akija kupimwa akiwa amenyolewa upya, shangazi alimpima shingo kwa haraka, futi ya tepu ikimbana kidogo.

Kabla ya ugomvi huo, Kinyozi alikuwa ameagiza vitambaa sita vya kunyolea, vile anavyofungwa mteja shingoni. Shangazi alivishona vizuri, pindo limenyooka kama mstari wa daftari. Ila kamba za kufungia alizikata fupi. Nilimwona akipima, akirudi nyuma, akikata tena.

Jumapili iliyofuata, saa nane, akavikunja. "Twende tumpelekee mzigo wake."

"Leo, shangazi? Watakuwa wanacheza."

"Kwani nimesema siendi kwa sababu wanacheza?"

Tuliwakuta wamezunguka meza ya mapambo, chanuo na mashine zimesukumwa kando. Kinyozi, Dada wa Dawa, Tairi na vijana wawili nisiowajua. Tairi alipomwona shangazi alijishusha kwenye kiti kama tairi lililotoboka.

"Shikamoo, shangazi," Kinyozi akasema, akasimama.

"Marahaba. Mzigo wako. Endeleeni, endeleeni, mimi napumzisha miguu tu."

Akaketi kwenye kiti cha kunyolea, kile kinachozunguka, akajizungusha mpaka akawatazama barabara. Kinyozi akarudi kwenye mchezo, sauti imepanda kidogo.

"Mko darajani. Jambazi anatokea, panga mkononi, anakujia wewe, Tairi."

Tairi akafungua mdomo. "Anaitwa nani?"

Wale vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Unataka kumposa?"

"Hapa hatuulizi majina, mzee," Kinyozi akasema. "Rusha dadu."

Tairi akaishika dadu bila kuirusha. Akamtazama shangazi, akatazama chini.

"Mwambieni jina la mtu," shangazi akasema. "Kanuni ni kanuni."

Kinyozi akashusha pumzi. Simsingizii, hakuwa na ubaya usoni, alikuwa kama mtu anayetoa mwiba. "Shangazi, nilitaka nije nikuambie nyumbani. Kitabu nimekisoma chote. Hiyo ya majina haimo."

"Chetu kilikatika mwishoni. Itakuwa mwishoni."

"Cha kwangu hakijakatika. Haimo. Vifungo havimo, ni dadu. Ziwa la chai halimo. Dobi alikuwa..." Akasita. "Alikuwa anatunga. Wa kwenu siyo Mchezo wenyewe, shangazi. Mchezo wenyewe ndio huu."

Nilidhani shangazi atainuka na kupindua meza. Alibaki anajizungusha polepole, kushoto, kulia.

"Kushona wafu?" akauliza.

"Haimo."

"Kubebana mgongoni?"

"Haimo, shangazi. Mchezaji asipokuja, mtu wake hayupo tu."

Akanigeukia mimi. "Unazikumbuka zote?" Nilizikumbuka, niliziandika kwa mkono wangu. "Mtajie. Na wewe, mkata nywele, usiniambie kwa kichwa. Funua kitabu."

Nikataja, Kinyozi akafunua, kumi na moja zote, kwa utaratibu wa mtu anayetafuta chawa. Zilizokuwemo ni nne: vitu vitano, kupumzika, kazi na udhaifu, na neno la mwisho la msimulizi. Saba hazikuwemo popote.

"Saba," shangazi akasema. Akashuka kitini. Alikuwa na uso ambao nimeuona mara moja tu, siku alipokuta barua aliyoandikiwa na Dobi ndani ya mfuko wa koti alilokuwa amelifua mwenyewe mara tatu. "Asante, baba. Baki na nne zako."

Tulipofika mlangoni Kinyozi alikuwa anajaribu kitambaa kimoja kwa kijana. "Shangazi! Kamba hizi zinanyonga!"

"Shingo za wateja wako zimenenepa," akajibu bila kugeuka.

Nyumbani alichukua chaki ya fundi akasimama mbele ya karatasi. "Nionyeshe zile za kwenye kitabu." Nikamwonyesha, naye akazipiga mstari, moja moja. Alipofika kwenye neno la mwisho la msimulizi nikasema, "Shangazi, hiyo ni yako. Ukiifuta hiyo, nani ataamua?"

"Imo kwenye kitabu chake?"

"Imo."

Akaipiga mistari miwili. "Sitaki hata kimoja chake hapa. Aliyekaa kando ya beseni usiku na mchana kututungia ni wangu, na hizi saba ni zangu."

Jumapili nyingine ikafika. Akatandika kitambaa, akaweka kopo, akaketi akikitazama kioo chake. Saa nane na nusu akaingia Tairi, mikono bado ina grisi.

"Nimekuja kumuuliza yule jambazi jina," akasema. "Wiki nzima silali. Mlipoondoka nilimkata kichwa na simjui."

Nyuma yake Dada wa Dawa, ambaye shangazi alimwuliza kichwa kinaendeleaje, akajibu kimepona, akaketi haraka. Nikawashusha watu wao mgongoni.

"Haya," shangazi akaanza. "Mko darajani, ila daraja limekatika katikati."

"Halijakatika," Tairi akasema.

"Nimesema limekatika."

"Na mimi nasema zima." Akanyoosha kidole cha grisi ukutani. "Ile ya neno la mwisho imefutwa. Nani kafuta?"

Dada wa Dawa akaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nikatazama vidole vyangu. Shangazi aliitazama karatasi, chaki yake mwenyewe, mistari yake miwili. Halafu akafanya kitu ambacho msimulizi hajawahi kukifanya kwenye meza ile: akatia mkono wake kwenye kopo. Akatoa cheusi.

"Zima," akasema, kana kwamba neno lina ndimu. "Vukeni."

"Kinyozi anauliza," Tairi akasema, amechangamka sasa, "kamba utamrefushia lini?"

Shangazi akatazama kwenye kioo. Kule ng'ambo Kinyozi alikuwa na vijana wake wawili, dadu zinang'aa.

"Mwambie alete viwili," akasema. "Hivyo vinne vingine wavumilie. Haya, jambazi huyo. Muulize."